Mokami Atafuta Tumbo la Kukataa

Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha la duka, Mokami hujipima kwenye mizani ya magunia. Mlango anaufunga kwa komeo. Anavua ndala, anavua mtandio, na siku akiwa na wasiwasi zaidi anavua hata hereni, ingawa hereni zenyewe ni nyepesi kuliko punje ya wimbi. Kisha anapanda kwenye bamba la chuma mguu mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayetaka kuivizia mizani kabla haijajua ni nani amekuja. Anabana pumzi. Anasoma. Anashuka.

Miaka ishirini amenunua na kuuza mahindi na wimbi pale Nyamongo, kwa hiyo kilo hazimwingii akilini mpaka azigeuze kuwa magunia na madebe. Gunia ni kilo mia. Debe ni ishirini pungufu kidogo. Asubuhi hiyo alikuwa gunia moja na debe moja, limejaa, halikupunguzwa.

"Inadanganya hii," akasema.

Na huyo ni Mokami yule yule ambaye mteja akimwambia mizani inadanganya, anamwonyesha barabara.

Zamani alikuwa zaidi ya hapo. Zamani alikuwa gunia moja na madebe mawili na nusu. Vijana wa bodaboda, ambao hupakia wachimbaji watatu na sururu zao wakateremka nao mlima wakiimba, Mokami alipokaribia walianza kukagua tairi. Magoti yalimuuma, sukari ikapanda, na usingizi wake ulikuwa na mngurumo wa mashine ya kusaga. Ndipo miaka sita iliyopita akavuka mpaka pale Sirari, akaenda hospitali moja upande wa Kenya, wakamkata sehemu kubwa ya tumbo wakaliacha jembamba kama ndizi. Wakamwambia ale kidogo kidogo, atafune sana, asishindane na tumbo.

Hakushindana. Mwaka ulipoisha alikuwa kilo themanini na mbili. Gunia halikujaa.

Magoti yakanyamaza. Sukari ikashuka. Mokami akawa anapanda mlima wa kanisani bila kusimama kujifanya anasalimia watu. Ungedhani kijiji kingefurahi. Lakini watu wa Nyamongo, ambao wamezoea kuona mtu akitajirika kwa wiki moja na kufilisika kwa wiki ya pili, hawakuwahi kuona mtu mzima akipungua huku anatembea. Wakaanza kutafuta sababu. Wengine walisema ameanza dawa zile za kumeza kila siku. Wengine walisema ametoa mwili wake kafara ili duka lisimame. Haya yote Mokami aliyacheka. La tatu ndilo hakuweza kulicheka: walisema mkamwana wake anamnyima chakula.

Mkamwana mwenyewe ni Wegesa, binti wa Itiryo, mpole, mfupi, mwenye mikono isiyotulia. Mokami na marehemu mumewe, Nchagwa, walizaa mabinti wawili tu, nao waliolewa. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume kwa Wakurya haiachwi ikazimika kama kibatari. Ng'ombe wa mahari ya mabinti walipoingia, Mokami akawatoa tena, akaoa. Ndiyo, yeye mwenyewe mama ndiye aliyeoa, kwa desturi inayoitwa nyumba ntobhu: mama asiye na mwana anaiolea nyumba yake mke, na watoto watakaozaliwa, baba yao awe nani, ni wa nyumba hiyo. Wegesa akaja, akazaa watatu, na wote wanaitwa wa Nchagwa, ambaye alishakufa kabla hata mama yao hajavunja ungo.

Sasa, mke wa namna hiyo hana mume wa kumsifu. Anayempima ni mkwe wake. Mkwe akinona, watu husema binti amefundwa. Mkwe akikonda, macho yote yanageukia jikoni.

Aliyeyageuza zaidi alikuwa Nyamhanga, mdogo wa marehemu Nchagwa, shemeji yake Mokami, mwanaume mwenye kofia na maoni. Alikuja siku moja akakaa uani, fimbo katikati ya magoti, akamtazama shemeji yake aliyebaki shingo na macho.

"Shemeji, mke gani huyu mliyemwoa," akasema, Wegesa akisikia. "Mama mmoja tu kumlisha ameshindwa. Kama ni hivi arudi kwao Itiryo, na ng'ombe warudi, tuione nyumba hii itakuwaje."

Kila mtu alijua Nyamhanga anaona nyumba hiyo itakuwaje. Ilikuwa na kiwanja kizuri, karibu na barabara.

Wegesa aliingia jikoni. Alipotoka alikuwa na kikombe cha bati cha ukubwa wa ndoo ya kupigia deki, kimejaa uji wa wimbi, mzito, wenye maziwa, na sukari isiyoona haya. Akapiga magoti, akampa mkwe wake mbele ya Nyamhanga.

Mokami akanywa. Angefanyaje? Na kwa kweli hakuona kosa. Daktari alisema apunguze chakula, na uji si chakula. Ukuryani mtu ambaye hajala ugali hajala. Anaweza kuwa amemaliza viazi sahani nzima, ndizi tatu na karanga za kutafuna njiani, juu yake akateremshia uji, na ukimwuliza atakwambia kwa moyo safi kabisa kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni.

Basi uji ukawa desturi. Asubuhi kikombe, saa nne kikombe, mchana kikombe kwa sababu ugali alioula ulikuwa mdogo wa kutia huruma. Wegesa alinunua chupa ya chai kubwa ya rangi ya waridi, ikawa inamfuata Mokami dukani kama mlinzi. Na kwa majirani ilikuwa hivyo hivyo, maana ukiingia nyumba ya mtu ukakataa kikombe, umesema mojawapo ya mambo mawili: ama mna ugomvi, ama unaogopa sumu. Mokami hakuwa na ugomvi na mtu.

Kilo zikarudi moja moja, kimya kimya, kama ng'ombe wanaorudi zizini wenyewe. Watu wakafurahi. "Sasa unarudi, mama," walimwambia, kana kwamba alikuwa safarini. Beatrice, kiongozi wa akina mama kanisani, alimsimamisha Wegesa mbele ya wenzake akasema huyu ndiye mfano. Wegesa alifunika uso kwa kitenge kwa aibu na raha. Na Nyamhanga akaacha kuja kwa muda.

Hivyo ndivyo Mokami alivyofika gunia na debe.

Jirani yake sokoni ni Selestina, Mjaluo wa Rorya, anayeuza dagaa na sato wa kukaanga. Ni rafiki yake wa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote hajawahi kumwambia neno laini. Mokami alimwendea asubuhi hiyo hiyo ya mizani.

"Nataka kukatwa tena," akasema.

Selestina aliendelea kupunga inzi. "Kukatwa wapi?"

"Tumbo. Nasikia wanaweza kurudia."

"Mokami, wewe ni mtu au kitenge? Mara mshono huu, mara mshono ule."

"Magoti yameanza tena. Sukari imeanza tena. Vyote vilivyoondoka vimerudi, isipokuwa lile tumbo."

"Na hivi lile walilitupa wapi? Siku nyingi nataka kukuuliza."

"Sikuuliza."

"Ungeuliza, nyaminwa. Pengine nalo lilirudi, limekuja kwa miguu."

Nyaminwa ni dada yetu kwa Kijaluo, na Selestina hulitumia neno hilo anapotaka kuchoma kidogo. Lakini Mokami hakucheka. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ndoo ikalalamika.

"Juzi msibani nilishindwa kuinuka," akasema. "Walikuja wanaume wawili, mmoja huku mmoja huku, wakahesabu moja, mbili, tatu. Mbele ya jeneza, Selestina. Nikaona hata mfiwa ameacha kulia ananitazama mimi."

Selestina akaweka chini kipande cha boksi alichokuwa akipungia inzi. Akafuta mikono, akatafuta simu kifuani. Ana mtoto wa dada yake, Akello, ambaye ni mtaalamu wa lishe kwenye ile ile hospitali ya ng'ambo, na ndiye aliyewaonyesha njia mara ya kwanza.

Akello alisema waje, daktari atamwangalia tumbo kwa kamera, mrija mwembamba unaopita kooni. Akatoa maelekezo polepole, Selestina akiyarudia kwa sauti soko zima likasikia: kuanzia jioni ya siku ya kuamkia kipimo asile kitu chochote, na asubuhi maji tu, mafunda mawili ya kumezea dawa ya presha.

"Nimesikia," Mokami alisema. "Nisile."

Na hakula. Alivuka mpaka na Selestina, wakalala kwa Akello, chakula kikaandaliwa, Mokami akageuza uso ukutani kama mtu wa dini aliyefunga. Asubuhi alimeza dawa yake. Kwa kuwa dawa ni chungu, na kwa kuwa Wegesa alikuwa ameijaza ile chupa ya waridi na kuifunga kwenye mfuko wa safari kwa mikono yake mwenyewe, aliimezea kwa uji. Kikombe kimoja. Halafu nusu, ya kusukumia.

Daktari Oduol alikuwa kijana mrefu mwenye Kiswahili cha kwao. Hakumwamkia shikamoo, akampa mkono. Mokami aliingoja ile shikamoo kidogo, akaona haiji, akaupokea mkono.

"Mum, umekula kitu leo?"

"Sijala."

"Hata kidogo?"

"Tangu jana mchana sijauona ugali, mwanangu."

Wakampulizia dawa ya ganzi kooni, wakamlaza ubavu, mrija ukaingia. Mokami aliweza kuona kioo kwa jicho moja. Alitegemea kuona nyama. Alichokiona kilikuwa na rangi ya udongo wa Nyakunguru, kijiji jirani, baada ya mvua. Daktari akageuza kamera kushoto, udongo. Akageuza kulia, udongo. Akasimama akitazama kama mchimbaji aliyeambiwa shimo lina dhahabu. Kisha akauvuta mrija nje.

"Mum. Hiki ni nini?"

"Ni uji tu."

"Lakini ulisema hujakula."

"Sijala. Nimekunywa."

Akello, aliyekuwa amesimama karibu na kichwa chake, aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Daktari hakucheka. Alimweleza kwa upole, lakini bila kupepesa macho, kwamba kama wangempa dawa ya usingizi uji ule ukiwa tumboni, ungeweza kupanda ukaingia mapafuni, na mtu anakufa hivyo, kwa kikombe kimoja. Mokami alimsikiliza akiwa ameshika shuka. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia kwamba uji ule ni kitu.

Nje kwenye benchi Selestina alikuwa ameshaimaliza chupa. "Nilidhani umeniachia," akasema.

Kesho yake hakunywa hata funda, kamera ikapita vizuri. Mchana wakaitwa ofisini. Akello alikuwa ameweka mezani rundo la vikombe vya plastiki.

"Mama, nitajie siku moja. Jumatatu iliyopita. Kila ulichopitisha mdomoni, kilichotafunwa na kisichotafunwa. Kila kikombe cha uji naweka kimoja hapa."

Wakaanza. Cha kuamkia. Cha dukani. Cha mteja aliyekuja na habari za shamba, huwezi kumwacha anywe peke yake. Cha mchana. Cha kwa Beatrice, walipokwenda kupanga kwaya.

"Cha kwa mama mwenye mapacha," Selestina akaongeza.

"Pale nilionja."

"Ulionja mara mbili. Akello, weka viwili."

Walipomaliza, vikombe vilikuwa tisa. Vilisimama mezani vimepangwa, vyeupe, na Mokami akavitazama kama mtu anayeonyeshwa watoto asiowakumbuka kuwazaa.

Daktari Oduol akavuta kiti. Alisema tumbo halijatanuka sana. Alisema pia asijilaumu kwa yote, maana mwili uliopungua hupigania kurudi ulikotoka, njaa huongezeka, na watu wengi waliokatwa inawatokea. Lakini tumbo dogo huzuia kigumu. Uji halizuii. Uji unapita kama maji mfereji ukiwa wazi.

"Upasuaji wa pili upo," akasema. "Tunaacha kifuko kidogo sana, tunakiunga na utumbo mbele zaidi. Sasa ukikunywa kitu ya sukari nyingi, kwa watu wengi mwili unakataa. Unatoka jasho, roho inadunda, unalegea, unatafuta pa kulala."

Mokami akainua kichwa. "Mbele za watu?"

"Popote."

"Jasho linaonekana?"

"Linaonekana, mum."

Uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyesikia bei ya wimbi imepanda. "Basi nipe hilo," akasema.

Daktari akamtazama Akello. Inaelekea wagonjwa wengi wakifika kwenye habari ya jasho na roho kudunda hawashangilii.

"Mama, kwa nini hilo?" Akello akauliza.

"Kwa sababu sasa hivi nikikataa kikombe, amekataa Mokami. Wataanza: kwa nini amekataa, amemkosea nini, mkamwana ameweka nini humo ndani. Lakini wakiniona mimi mwenyewe natoa jasho, naanguka, nani atamlaumu mtu? Tumbo limekataa. Mimi nilitaka."

Selestina akaanza kuvipachika vile vikombe kimoja ndani ya kingine.

"Nikuambie ukweli," Daktari Oduol akasema. "Mara ya pili si kama ya kwanza. Ndani kuna makovu, nyama zimeshikana. Mshono unaweza kuvuja. Wachache huwa hawaamki vizuri, na wachache zaidi hawaamki. Halafu vitamini kila siku, maisha yote. Kuna watu nimewafanyia, wamesaidika sana, na siwezi kusema wewe hutasaidika. Lakini wale walikuwa wameshajaribu mengine yote. Wewe unataka nikupasue ili usiseme neno moja."

Hata hivyo hakumfukuza. Alimwandikia Jumanne ya wiki ya tatu, akamwambia uamuzi ni wake, na hizo wiki asiguse uji wenye sukari kabisa. Akello akamwambia kliniki yake ya lishe iko kila Alhamisi, na kule hawakati mtu, wanasumbua tu.

Mokami alirudi Nyamongo akiwa ameamua. Jumanne. Kisu kina maumivu, lakini kisu hakina uso wa Wegesa.

Siku ya kwanza alijaribu. Wegesa alipoleta kikombe alisema ana kiungulia. Wegesa akasikitika, akaondoka nacho, akarudi nacho kimepozwa na kuongezwa maziwa, maana maziwa hutuliza kiungulia. Mokami akakinywa. Siku ya pili hakujaribu.

Habari ya upasuaji alimwambia wakiwa wanapepeta mahindi uani. Habari ya vikombe tisa hakumwambia. Unamwambiaje binti ambaye ameishika nyumba kwa mikono yake miwili kwamba tatizo ni ile mikono?

Wegesa aliendelea kupepeta. Makapi yalimwangukia kichwani, hakuyakung'uta.

"Wanasema wengine hawaamki," akasema.

"Wachache."

"Mama, wewe ukifa kule, mimi ni mke wa nani?"

Mokami akaweka ungo wake chini.

"Wenzangu wakifiwa na mume, wanabaki wajane," Wegesa akasema. "Mimi nikifiwa na wewe nabaki nini? Nyamhanga atakuja na fimbo yake hata kaburi halijakauka. Watoto atawachukua, ni wa Nchagwa. Mimi atanionyesha njia ya Itiryo." Kisha, kwa sauti ile ile ya upole, "Nikuletee uji?"

Jumapili kabla ya Jumanne hiyo, majirani walikuja baada ya ibada kumuaga mgonjwa. Na kwa kuwa mgonjwa hasindikizwi kwa mikono mitupu, walikuja na vyakula. Mtu anakwenda kupasuliwa tumbo kwa sababu ya kunywa, na sebule yake ilijaa vya kunywa: maziwa ya mgando kwenye vibuyu, uji wa Beatrice kwenye ndoo yenye mfuniko, soda za kina mama wa kwaya, ndizi za kuchemsha. Selestina alileta sato mmoja na akakaa karibu na mlango, akivihesabu vibuyu kwa kidevu.

Nyamhanga naye alikuwapo. Alichukua kiti chenye mikono.

Beatrice akasali. Akamwombea daktari, akakiombea kisu, kisha, akiwa bado amefumba macho, akageukia sifa. "Na tunakushukuru kwa ajili ya mkamwana huyu, Bwana. Tulimwona mama akinyauka, huyu binti akamrudisha. Mtazameni alivyojaa." Watu wakafumbua macho, wakamtazama alivyojaa.

"Kweli," Nyamhanga akasema, na neno hilo lilimtoka kwa shida. "Hapo sina la kusema. Anakunywa kila anachopewa. Mke anajulikana hapo tu. Siku shemeji akikataa kikombe cha huyu binti, hapo nitauliza."

Wegesa aliingia na kile kikombe cha bati. Hakuna aliyegusa kinywaji, maana mkubwa ndiye hunywa kwanza, kisha wageni. Akapiga magoti, akakinyanyua kwa mikono miwili. Uji ulikuwa unatoa mvuke na harufu ya maziwa mabichi, na juu yake Wegesa alikuwa ameweka siagi kidogo, ya safari.

Mokami akakipokea.

Ulikuwa uji mzuri. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake lote. Angekuwa na mkamwana mvivu angekuwa mwembamba mpaka leo, magoti mazima. Akakitazama kikombe, akamtazama Nyamhanga anayekitazama kikombe, akamtazama Wegesa aliyepiga magoti na uso umeinama. Akawaza Jumanne. Atavuka mpaka, atalazwa, atafunguliwa tumbo, pengine ataamka, pengine hataamka na binti huyu ataonyeshwa njia ya Itiryo. Na yote hayo ili siku moja akiwa amekaa kwenye kiti hiki hiki, na kikombe hiki hiki, atoke jasho. Kicheko kikampanda. Akakizuia, kikatokea puani.

"Shemeji, vipi, ni cha moto?" Nyamhanga akauliza.

"Hapana," Mokami akasema. "Si cha moto."

Akakiweka mezani. Hakukinywa. Sebule nzima ilisikia bati likigusa mbao.

Nyamhanga akajisogeza mbele ya kiti. "Umekataa?"

"Ngoja niseme, halafu uulize." Mokami akashika mkono wa kiti, akaanza kuinuka. Wanaume wawili wakasogea kumsaidia, akawazuia kwa kiganja. Alichukua muda. Goti la kulia lilitoa mlio. Lakini alisimama. "Nyamhanga, wewe umekuwa ukiuliza kama huyu binti anajua kutunza mtu. Nimekwenda hospitali, wameingiza kamera tumboni mwangu, wameuona uji wake huko ndani, daktari mzima amesimama anautazama. Uji wa mwingine ungenywewa ukasahaulika. Huu unakaa. Umenipa gunia na debe. Sijawahi kuona uji mtamu kama huu, na maadamu uko kwenye nyumba hii siwezi kuuacha. Ndiyo maana natoka."

Hakuna aliyejua kama hilo lilikuwa tusi au sifa. Beatrice alifungua mdomo, akaamua ni sifa, akasema "Amina" kwa sauti ndogo. Kina mama wakafuata. Nyamhanga alibaki na swali lake mkononi, hana pa kulitupa, kwa sababu huwezi kumrudisha mke kwao kwa kosa la kupika vizuri.

Wegesa bado alikuwa magotini. Mokami akainama alivyoweza, akamwambia polepole, ila watu wa karibu walisikia: "Hukukosea. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kusema. Kuanzia kesho nipe maji, na mboga, na samaki wa huyu mwenye mdomo mlangoni. Uji wape watoto."

"Na Jumanne, mama?"

"Jumanne siendi." Akageuza kichwa. "Selestina, mpigie Akello. Mwambie daktari anisamehe, ile siku yake ampe mwenye kuihitaji. Mimi aniandike Alhamisi, kule kwa kusumbuana. Wakinisumbua nikashindwa, tutaongea habari ya kisu, lakini nitakuwa nimeshalisema lile neno la kukataa."

"Nitampigia," Selestina akasema. "Na unakwenda wapi sasa? Wageni ni wako."

"Natembea."

"Kwa magoti yapi?"

"Haya haya."

Alivaa ndala mlangoni, ya kushoto kwanza, akajifunga mtandio, akapita kati ya vibuyu na miguu ya wageni akisema samahani, samahani baba, samahani mwanangu. Kwa desturi mwenye nyumba hatoki wageni hawajanywa. Hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo. Nje jua lilikuwa la saa saba. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amelala juu ya pikipiki yake chini ya kivuli cha duka akaamka, akamwona, akaangalia tairi, kisha akamwita kwa heshima. Mokami akatikisa kichwa. Akashika njia ya kuelekea Nyakunguru, hatua fupi, akihema, akisimama kila nguzo mbili za umeme.

Nyuma yake alimsikia Beatrice akiita kutoka uani kwamba mama, uji unapoa. Baadaye kidogo akaita tena, kwamba umeanza kuweka utando. Mokami akainua mkono juu bila kugeuka. Akaifikia kona yenye mikonge, akapumzika, akaipita, na hakurudi kuunywa.